Beki Wako Akizeeka, Usimkimbizie Namba Sita

Makocha wenzangu mnaoanza, nimekaa kando ya uwanja wa Camp Toyoyo, Nairobi, hadi nimeshindwa kunyamaza. Beki wenu wa pembeni amefika miaka 33, mawinga wa miaka 19 wanampita kila mara, nanyi mnampeleka namba sita, kiungo wa kati anayecheza mbele ya mabeki, mkisema apumzishe miguu. Apumzishe wapi? Kiungo wa kati ni miongoni mwa wanaokimbia kilomita nyingi zaidi katika mechi. Ukimtoa kipa, anayekimbia kidogo zaidi ni beki wa kati. Hebu tuanzie hapo.

1. Mjaribu beki wa kati kwanza. Paolo Maldini aling'ara akiwa beki wa kushoto, umri ukasonga akawa wa kati, na mwaka 2007 akanyanyua Kombe la Mabingwa Ulaya na Milan akiwa na miaka 38. Najua mtasema Maldini alikuwa mrefu. Wako akiwa mfupi, tumieni mabeki watatu, yeye akae upande aliouzoea na mrefu asimame katikati apige vichwa.

2. Beki wa pembeni hajazoea kushambuliwa kutoka nyuma. Maisha yake yote mstari wa pembeni wa uwanja umemkinga upande mmoja na mchezo wote anauona mbele yake. Namba sita anapokea mpira adui yuko mgongoni, na asipogeuza shingo mapema amekwisha. Kuna kocha kijana ninayempenda, ana bidii kuliko wengi, lakini siku hiyo aliniumiza. Alimwambia nahodha wake, beki wa kushoto anayeshinda kwenye mjengo mchana na kuja mazoezini jioni, kwamba leo anacheza sita. Alimwambia wakiwa wanafunga viatu! Kipa akampa mpira wa kwanza, akapokonywa, bao. Muda si muda akapokonywa tena palepale. Mashabiki wakaanza: "Mzee, nenda nyumbani ulee wajukuu!" Watoto wake wenyewe bado wako shule ya msingi. Kabla ya mapumziko kocha akamtoa. Alipopita nilipokaa alikuwa anavua kitambaa cha unahodha, akaniuliza, "Kocha, nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea popote. Alitumwa kazi ambayo hakuna aliyemfundisha, mbele ya umati uliomshangilia kwa miaka. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, wala hajarudi. Aliondoka na yote aliyoyajua: winga gani wa ligi hii hukata ndani, nani hujiangusha, refa gani hataki maneno. Ukiuliza kwa nini vijana wa timu ile hawajui kujipanga mpira wa kona ukipigwa, jibu ni hilo.

Na msiniletee habari za Philipp Lahm, beki wa pembeni aliyefaulu kucheza namba sita. Kocha wake, Pep Guardiola, alimpeleka kiungo Bayern Munich mwaka 2013 akiwa na miaka 29, bado ana mbio zake. Alihamishwa kwa sababu ya akili yake na mpira, wala si kwa uchovu.

3. Msipandishe safu ya ulinzi hadi mstari wa kati mkiwa na mzee. Mipira inayopigwa nyuma yake itamuua.

4. Mpangeni na kijana mwenye kasi, mzee apige kelele, kijana akimbie.

5. Zungumza naye peke yake, mapema, msimu ukiwa haujaanza. Mwite kaka, maana amekuzidi umri, umweleze unachokiona: kurudi baada ya kupanda kunamchelewesha, si kwamba amesahau mpira. Halafu umsikilize. Wengi wameshajua kabla yako, wanaogopa tu kwamba wakikubali watawekwa benchi.

6. Siku za mwanzo asikutane na mechi ya ligi. Mchezeshe mechi ya watu sita kwa sita kwenye eneo dogo, akiwa beki wa kati, kila pasi anayopokea itanguliwe na kuangalia nyuma. Kisha mechi ya kirafiki, dakika 45. Misuli ya paja ikikaza, mtoe bila kumsubiri aombe, kwa sababu hataomba.