Maswali ya wasomaji: magitaa mawili na albamu ya pili

Swali: Bendi yetu ya hevi metali yenye melodi inajiandaa na albamu ya pili. Solo mbili zikipigwa pamoja, noti nyingine zinakaa vizuri na nyingine zinaumiza sikio, ingawa gitaa limetyuniwa. Sauti ya pili tunaitoa kwenye pedali inayopandisha noti. Kosa liko wapi? (Mpiga solo, Sakina, Arusha)

Jibu: Kosa ni la pedali. Mmeiweka ipandishe kila noti kwa nusu toni 3, nayo inafanya hivyo bila kujua uko wapi kwenye skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo. Aliyepita kwaya ataelewa haraka. Chukua skeli ya huzuni inayoanzia la: la, ti, do, re, mi, fa, so. Sauti ya pili inaruka noti moja, kwa hiyo la inapata do, ti inapata re, do inapata mi, na kuendelea. Sasa hesabu freti, zile pau za shingo ya gitaa; freti moja ni nusu toni. Kutoka la, ti, re na mi, mruko ni freti 3. Kutoka do, fa na so, mruko ni freti 4. Pedali iliyofungwa kwenye 3 itakosea noti tatu kati ya saba, na hizo ndizo zinazowaumiza. Mkiifunga kwenye 4 itakosea nne.

Zipo pedali unazoziambia wimbo uko kwenye ufunguo gani (noti ya nyumbani na skeli yake), zikachagua 3 au 4 zenyewe. Hata hivyo, kwa rekodi tunashauri sauti ya pili ipigwe na mtu. Sababu ni kuvuta nyuzi. Wa kwanza akivuta kutoka so kwenda la, anavuta toni nzima; mwenzake aliye juu yake anatoka ti kwenda do, ambayo ni nusu toni tu. Wakivuta kwa kipimo kimoja, mmoja lazima atoke nje ya noti. Kaeni mkabiliane, pigeni kifungu hicho polepole bila distoshen (ule mlio mkali wa kukwaruza), kila mmoja amsikilize mwenzake anapofika. Mtetemo wa kidole nao uende kwa kasi moja.

Jihadharini pia na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya mi inapopigwa meja, yaani kwa mlio wa furaha, kabla ya kurudi la. Hapo so ya kwenye kodi imepandishwa nusu toni, na anayeshika so ya kawaida atagongana nayo. Apande naye.

Swali: Tuna nyimbo mpya nne tu, na nyingine sita za zamani tulizoziacha nje ya albamu ya kwanza. Je, ni aibu kuzitumia? (Bendi ya Njiro, Arusha)

Jibu: Si aibu hata kidogo. Bendi ya Iron Maiden walipotoa Killers, albamu yao ya pili, mwaka 1981, sehemu kubwa ya nyimbo hizo walikuwa wameshazipiga jukwaani kabla ya kuingia studio. Kilichobadilika ni mikono: Adrian Smith aliingia kwenye gitaa badala ya Dennis Stratton, na Martin Birch akasimamia rekodi. Toleo la Uingereza lilikuwa na nyimbo 10, mbili kati yake bila kuimba, kwa dakika 38 hivi. Msijilazimishe kujaza saa nzima. Kila wimbo wa zamani uimbeni bila ala yoyote. Ukibaki na melodi mtu anayoweza kuikumbuka kesho yake, uingie. Usipobaki, mlichokuwa nacho ni mlio wa gitaa tu.

Swali: Gitaa la rizimu (linaloshikilia mdundo chini ya solo) tumelirekodi mara moja, tukanakili, tukaweka kushoto na kulia. Mbona bado sauti ni nyembamba, na besi haisikiki? (Studio ya nyumbani, Pasua, Moshi)

Jibu: Nakala ya rekodi ileile pande zote mbili inasikika katikati, kwa kuwa masikio yote mawili yanapokea kitu kimoja. Upana unatokana na tofauti ndogondogo za mkono. Pigeni rizimu upya, mwanzo hadi mwisho, moja ikae kushoto na nyingine kulia. Distoshen mnayoipenda mkiwa mazoezini ipunguzeni kwa theluthi hivi, maana magitaa mawili yakijumlishwa ukali nao unajumlika na mapigo yanapotea.

Usahihi wa muda hauna mjadala. Kwenye mapigo 160 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, kila noti ina milisekunde 94 tu. Magitaa yakipishana 30, theluthi ya noti imeshaliwa. Kabla ya kumlaumu mpigaji angalieni bafa ya kompyuta, yaani kiasi cha sauti inachokusanya kabla ya kuitoa: kompyuta ikirekodi sampuli (vipande vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1024 ni ucheleweshaji wa milisekunde 21, ya 128 ni chini ya 3. Besi nayo ipewe nafasi yake: kateni sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 80 hadi 100. Gitaa peke yake litasikika limepungua. Msiogope, lisikilizeni pamoja na besi.

Swali: Mvua za masika zinapiga bati, hatuwezi kurekodi. Trei za mayai ukutani hazikusaidia. (Ngaramtoni)

Jibu: Trei za mayai ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti za juu ndani ya chumba, lakini hazizuii kelele inayotoka nje. Machi hadi Mei rekodini gitaa na besi kwa waya moja kwa moja kwenye sauti kadi, bila maiki. Rekodi hiyo safi mtaipitisha kwenye amplifaya siku kavu na kuweka maiki mbele ya spika. Drams na sauti ya kuimba zisubiri. Kwa mwangwi, tafuteni mablanketi mazito ya mitumba (wa Moshi wanayapata soko la Memorial), myaning'inize sentimita 10 mbali na ukuta, si kuyabandika juu yake.

Swali: Mwimbaji wetu anaimba Kiswahili. Akipanda juu na kushikilia noti ndefu, neno linasikika kama limevunjwa. (Majengo, Moshi)

Jibu: Angalieni noti ndefu imeangukia silabi gani. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na noti ndefu inapaswa kukaa hapo. Mkivuta ya mwisho, "unawaka" inakuwa "unawakaaa", kama mtu anayeita basi. Vuteni "wa", kisha "ka" ifungwe fupi. Irabu nayo ina uzito wake: i na u zinabana koo kwenye noti za juu, a inalifungua. Mstari unaoishia kwa "mlima" unamwekea mwimbaji "li" kileleni. Ugeuzeni uwe "mlima wawaka" na kilele kiwe "wa".

Na kama anayeimba ndiye pia anayepiga solo, fikirieni kumgawia mwingine kazi moja. Bendi ya Helloween ya Hamburg, Ujerumani, walifanya hivyo kwenye albamu yao ya pili mwaka 1987: Kai Hansen alibaki na gitaa, maiki akaachiwa kijana Michael Kiske, na melodi za bendi zikaweza kupanda mahali ambapo Hansen hakuwa akifika.