Re: Mafuriko yanafanya watu waichukie serikali?

Mkuu umeuliza kama mafuriko yanafanya watu waichukie serikali. Mimi ni wa Tanga na yamenikuta, nakwambia mvua yenyewe watu wanaisamehe, wanachoshika moyoni ni zile siku mbili tatu za baada yake.

Oktoba 2019 zile mvua zilizoharibu Handeni na Korogwe, barabara zikakatika, bi mkubwa wangu alikuwa kijijini upande wa Korogwe. Maji yaliingia mpaka usawa wa kitanda, magunia ya mahindi yakaloa yote, nimekuja kufika siku ya tatu tena kwa miguu nakuta yameshaanza kuota. Sasa wasikilize wazee pale, hakuna anayelaumu mvua, hiyo ni ya Mungu. Wanamsema kiongozi mmoja aliyeishia barabarani akaandikisha majina akaondoka, majina mpaka leo hayajarudi. Na kuna mwingine alivua viatu akavuka tope kuja kuwapa pole, hakuleta hata kilo ya unga, lakini bi mkubwa mpaka kesho anamuombea dua.

Hapo ndo panaponiuma jamani, kwa sababu maji yalirudi kwenye nyumba kwa ajili ya kalavati lililoziba, na hilo kalavati lilishalalamikiwa mkutanoni miaka miwili kabla! Hakuna aliyempima yeyote kwa kalavati.

Na sio sisi tu. Kule Marekani watafiti Healy na Malhotra walionyesha mwaka 2009 kwamba wapiga kura wanailipa serikali kwa hela za msaada baada ya maafa, hela za kujikinga kabla hawazipi kura, wakati walikadiria dola 1 ya kujikinga inaokoa kama dola 15 za hasara huko mbele. Ujerumani 2002 mto Elbe ulifurika, Kansela Schröder akavaa mabuti akaenda kwenye maji, mwezi uliofuata akashinda uchaguzi kwa kura za kubanana. Rais Bush wa Marekani naye kwenye kimbunga Katrina 2005 ile picha anachungulia mafuriko dirishani mwa ndege ilimganda. Hapa kwetu Hanang Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka mlimani, watu wanakumbuka Rais Samia alikatisha safari ya Dubai akarudi, ila mlima ule nani aliuuliza kabla?

Mimi siku hizi nikienda kijijini kukiwa na mkutano nanyoosha mkono nauliza kalavati limefika wapi, wakisema bajeti naomba iandikwe kwenye muhtasari. Mara ya mwisho tulinyoosha wanne.