Barua ya ufadhili inaposema "ada ya mwanafunzi wa nyumbani"

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina shahada ya uzamili ya ikolojia na nataka kutafiti ardhioevu ya Bonde la Kilombero. Chuo kimoja cha Uingereza kimenipa nafasi ya uzamivu na ufadhili kutoka mfuko wake. Barua inasema watalipa posho ya kujikimu na "ada ya mwanafunzi wa nyumbani". Nikubali? – Msomaji, Ifakara

JIBU: Marahaba, na hongera. Ila usitie saini bado.

Mwanafunzi wa nyumbani kwa kawaida ni Mwingereza au mwenye makazi ya kudumu huko. Wewe ni mgeni, na ada ya mgeni huko huwa mara kadhaa ya hiyo. Vyuo vingine husamehe tofauti, vingine humwachia mwanafunzi. Waandikie leo: tofauti inalipwa na nani, na kwa miaka yote? Jibu la simu halitoshi, lije kwa maandishi. Nimeona vijana wazuri wakirudi nyumbani mwaka wa pili kwa sababu ya mstari huo mmoja.

La pili hukuliuliza, nalo ndilo linaloniumiza zaidi: pesa za uwandani. Kilombero haisomwi kwa safari moja. Mvua za masika hujaza bonde, kisha kuanzia Juni maji hupungua, ng'ombe huingia na sheshe, aina ya swala, hubanwa kwenye majani yaliyobaki. Ukipima kiangazi tu, umepima nusu ya bonde. Unahitaji mzunguko mzima wa kujaa na kukauka, ikiwezekana miwili, kwa sababu mwaka mmoja wa mvua chache utakudanganya. Hiyo ni nauli ya kurudi zaidi ya mara moja, gari, mtumbwi, posho za wasaidizi wa kijijini, maabara ya maji, na vibali: cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ukigusa wanyamapori. Piga hesabu hiyo kabla ya kujibu barua, umpelekee msimamizi wako. Msimamizi anayelijua bonde hatashangaa.

Wakikataa kufidia ada, bado una njia. Ufadhili wa uzamivu wa Jumuiya ya Madola hulipa ada yote na nauli, na Tanzania imo kwenye orodha. Mabaraza ya utafiti ya Uingereza, UKRI, hupokea wanafunzi wa kigeni tangu 2021, ingawa hawazidi asilimia 30 ya wanaochukuliwa. Mimi ningetazama pia Uholanzi, Denmark na Sweden. Huko nafasi nyingi za uzamivu ni ajira: unalipwa mshahara na hudaiwi ada. Zinatangazwa kama kazi, kwa hiyo zitafute kwenye kurasa za ajira za vyuo. Chuo cha Wageningen, Uholanzi, kina pia mpango unaokuweka chuoni mwanzoni na mwishoni, katikati ukakusanya data nyumbani. Kwa mtu wa mafuriko, mpangilio huo unafaa mno.

Ukianza masomo Septemba, masika ya kwanza yatakukuta miezi sita tu baadaye. Vibali uanze kuviomba kabla hujapanda ndege.