Glovu ya kusoma ishara: anzia kwa fundi cherehani

Vijana wa hapa Mtwara wanaonijia na wazo la glovu ya kusoma ishara za mkono, karibu wote huanza na swali la programu. Mimi huwauliza: nani atakushonea?

Glovu hiyo husoma vidole kwa vihisi vya kupinda. Kihisi cha kupinda ni utepe mwembamba ambao ukinzani wake wa umeme huongezeka unapopindwa. Ukiuunga na rezista (kipande kidogo cha kuzuia umeme) ya kilo-omu 47, Arduino Uno, yaani kibao kidogo cha kielektroniki unachokiandikia programu, huusoma kama namba kati ya 0 na 1023. Hiyo ni kazi ya jioni moja. Kazi yenyewe iko kwenye kitambaa. Mwambie fundi wako wa hapa mjini Chikongola ashone kijimfuko juu ya kila kidole, upande wa mgongo wa mkono, utepe ufungwe huku nyuma tu na ncha ya mbele iachwe iteleze. Shina lake, pale pini zilipobanwa, lisipinde hata kidogo. Ligandishie kipande cha plastiki ngumu, maana ndipo vihisi vinapokatikia. Halafu kuna jasho letu la pwani. Vaa glovu ya pamba ndani, inayofulika, na maungio ya waya yafunikwe yote kwa gundi ya moto.

Uno ina pini 6 za analogi, yaani za kusomea vihisi kama hivi, A0 hadi A5. Vidole vitano vinachukua A0 hadi A4, lakini kihisi kingine, MPU6050, kinachopima mwelekeo wa kiganja, kinataka A4 na A5. Nunua Arduino Nano, kibao kidogo zaidi chenye pini za ziada A6 na A7, kidole kimoja kihamie A6.

Kila anayevaa anyooshe vidole kwanza, kisha akunje ngumi, glovu itunze namba zake. Mkono wa mbangua korosho na wa mwanafunzi haipindi sawa.

Ila mdogo wangu, usiahidi kutafsiri lugha ya alama. Kwenye alfabeti ya vidole ya Marekani, U na V hukunja vidole vilevile. Tofauti ni kuvibana au kuvitanua, na utepe hauoni hilo. Lugha za alama hutumia pia uso na mabega. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington walishinda dola 10,000 kwa glovu kama hiyo, na viziwi wengi wakaipinga. Kaa na viziwi wa mtaani kwako kabla ya kununua chochote, uwaulize wanahitaji nini.

Ningependa zaidi uende kwa watu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) pale hospitali ya Ligula. Mgonjwa wa kiharusi anayejifunza kukunjua ngumi akiona namba ya leo imepita ya wiki iliyopita, atajua mazoezi yanamsaidia. Vihisi vitano vinatosha kwa hilo, na anayetaka kuijaribu nitamsaidia bure.