Yoga na Pilates kwa mgongo wa fundi cherehani

Kwa miaka 18 nimeketi mbele ya cherehani, shingo imeinamia sindano na mabega yamejikunja, hivyo maumivu ya kiuno yaliponianza sikuyashangaa. Nilipokosea ni katika kutafuta chanzo chake. Nilidhani mgongo umekaza na unahitaji kunyooshwa, kumbe ulikuwa umeelemewa, kwa kuwa misuli ya tumbo na ya nyonga iliyopaswa kuusaidia ilikuwa imelegea. Ndiyo maana mtu akiniuliza achague yoga, mazoezi ya mikao na pumzi yenye asili ya India, au Pilates, mazoezi ya kuimarisha misuli inayoushikilia mgongo, nami humuuliza kwanza mwili wake umepungukiwa na nini.

Mimi nilianza na yoga, kwa mwaliko wa mteja wangu. Tulifanya salamu kwa jua: mikono inapanda juu, kiwiliwili kinainama hadi viganja viguse mkeka, kisha mguu mmoja unarudi nyuma na mwingine kuufuata. Niligusa mkeka tangu siku ya kwanza na nikafurahi sana, lakini nilifika chini kwa kuupinda mgongo badala ya kukunja nyonga, na baada ya wiki tatu maumivu yalizidi. Siilaumu yoga kwa hilo, kwani mwalimu alikuwa ametusisitizia tukunje magoti, nami nikaona kuyakunja ni unyonge.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenielekeza kwenye Pilates ya mkekani. Mazoezi haya yana jina la mwanzilishi wake, Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alizuiliwa kambini nchini Uingereza na huko akawafundisha wafungwa wenzake, kabla ya kuhamia New York. Yeye mwenyewe aliyaita kwa jina lenye maana ya elimu ya udhibiti, na udhibiti ndio nilioukosa. Katika zoezi liitwalo Mia unalala chali, unainua kichwa na mabega, miguu iko hewani, na mikono inapigapiga kando ya mapaja, mapigo 5 ukivuta pumzi na 5 ukiitoa, hadi yatimie 100. Nilipofika 40 shingo iliniuma. Mwalimu aliweka vidole viwili chini ya kitovu changu, akaniambia nishushe kichwa, nikunje magoti, na nitoe pumzi mpaka nihisi pale panaingia ndani. Hapo ndipo nilipoihisi, kwa mara ya kwanza, misuli ambayo sikujua kwamba ninayo.

Hata pumzi hazifanani. Katika Pilates huvutwa puani na kutolewa mdomoni, mbavu zikipanuka kwa kando huku tumbo likibaki limeshikiliwa, kwa sababu kazi ya pumzi ni kulinda mwendo. Katika yoga kwa kawaida hupita puani pekee, na kupumua ni zoezi linalojitegemea. Katika mafundisho ya kale ya Patanjali, mwanafikra wa Kihindi anayetajwa kuwa mwandishi wa misingi ya yoga, mikao ya mwili ni tawi moja tu kati ya manane, na utulivu wa akili una nafasi kubwa kuliko wepesi wa viungo. Asili hiyo ya Kihindi huwatia wasiwasi baadhi ya ndugu zetu wa dini, na wasiwasi huo unastahili heshima. Mimi ni Mwislamu. Nilimweleza mwalimu mapema kwamba sitashiriki katika kuimba wala katika maneno ya ibada, akakubali bila kinyongo.

Sasa hufanya Pilates Jumatatu na Alhamisi, dakika 30, na yoga Jumamosi jioni, hasa kwa ajili ya zile dakika za mwisho za kulala chali kimya, kwani usiku huo hulala vizuri kuliko siku nyingine zote. Laiti ningeanza kwa mpangilio huu: nguvu kwanza, kunyoosha baadaye. Aliyekakamaa lakini hana maumivu anaweza kuanza na yoga bila shida. Mwenye mifupa iliyodhoofika asijikunje mgongo kama tunavyofanya katika Mia, na mwenye presha ya macho aepuke mikao ya kichwa chini, hadi daktari wake amruhusu.

Kabla ya kulipa ada, ulizia darasa lina watu wangapi. Kama ni wengi kiasi kwamba mwalimu hawezi kufika kwenye mkeka wako, tafuta jingine.