Kabla ya Kupima Matawi, Amua Amana Zikae Wapi

Nilipopewa kazi ya kupima ufanisi wa matawi 11 ya chama kimoja cha akiba na mikopo, niliingia kwa haraka kwenye DEA, yaani uchambuzi wa bahasha ya data, njia iliyoasisiwa na Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978. Njia hii hulinganisha kila tawi na yale yanayofanya vizuri zaidi, si na wastani, na hulichagulia uzito wa vigezo (vinavyoingia na vinavyotoka) unaolipendelea, mradi kwa uzito huohuo tawi lolote lisivuke alama ya 1, yaani ufanisi kamili.

Niliweka gharama za uendeshaji upande wa vinavyoingia na mikopo upande wa vinavyotoka. Meneja wa tawi lililoshika mkia alilalamika, na alikuwa na haki: watu wake walikusanya amana nyingi kuliko wengi, ila maombi ya mikopo yalilala makao makuu. Mimi nilikuwa nimeziacha amana nje kabisa, kwa sababu sikujua kama ni zao la kazi au ni mtaji wa kazi.

Ni vyote viwili. Ni zao la hatua ya kwanza, kukusanya, na malighafi ya hatua ya pili, kukopesha, na ndiyo maana ninawashauri wanaoanza wachore mtiririko wa kazi kwenye karatasi kabla ya kufungua programu yoyote. Kao na Hwang walionesha mwaka 2008, kwa kampuni 24 za bima za Taiwan, kwamba kiungo cha kati (kwetu, amana) kikipewa uzito uleule katika hatua zote mbili, ufanisi wa jumla huwa ni zao la kuzidisha alama za hatua hizo. Tuseme tawi lina 0.9 katika kukusanya na 0.6 katika kukopesha: ufanisi wa jumla ni 0.54, na anayeona 0.54 peke yake atamkaripia mtu asiyehusika.

Mgawanyo wa ufanisi wa jumla katika alama za hatua mbili, hata hivyo, huweza kuwa zaidi ya mmoja kwa jumla ileile. Kwa hiyo mimi huipa hatua moja kipaumbele, yaani alama ya juu kabisa inayowezekana, kisha nyingine, na kuripoti matokeo ya pande zote mbili. Vigezo navyo viwe vichache. Kanuni ya mazoea hutaka matawi yasipungue mara tatu ya idadi ya vigezo, na kwa matawi 11 nilibaki na vitatu tu: gharama, amana na mikopo inayolipwa kwa wakati.