Kumlea ndugu mwenye skizofrenia nyumbani

Dada yangu wa Mbagala, pole sana. Umeuliza utaishije na mdogo wako mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyo halisi, ambaye, tangu aruhusiwe hospitalini, anajifungia chumbani, anasikia sauti, na majirani wameanza kumwita chizi.

Sauti hizo kwake ni za kweli kabisa. Usibishane naye, wala usijifanye unazisikia. Mwambie kwamba wewe huzisikii, lakini unaona zinavyomtesa. Masimango na ugomvi nyumbani huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi, jambo ambalo ndugu wengi hulipuuza kwa kudhani kijana ni mvivu, ilhali kukosa ari, kunyamaza na kutojali usafi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na baadhi ya dawa nazo huleta usingizi mzito. Naliona hili kuwa kosa linaloumiza kuliko hata maneno ya majirani. Mpe kazi ndogo yenye saa maalumu, kama kwenda nawe gengeni asubuhi kabla ya msongamano na kelele za daladala.

Dawa zisikatishwe bila daktari, hata akipata nafuu, hata kama familia inampeleka kwenye maombi. Akichoka vidonge, ulizeni kliniki ya afya ya akili Temeke au Muhimbili kuhusu sindano ya dawa inayofanya kazi mwilini kwa muda mrefu, ambayo mara nyingi huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 4. Akitaja kujiua, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nawe usibaki peke yako: kaka zako, hata wasioishi hapo, wapangiwe zamu za kukaa naye.